Kiganja Juu ya Boneti

Gaudiose alikuwa amemaliza kunyoa shavu moja la Papa Festus pale mzee alipomshika mkono na kumwuliza kama jiko limezimwa.

"Nimelizima, Papa."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nikupeleke ukaone?"

"Hapana, malizia kunyoa. Siwezi kwenda jikoni nusu mzee, nusu kijana."

Wote wawili walicheka, lakini swali la jiko halikuwa la mzaha. Wiki chache nyuma Papa Festus alisahau sufuria motoni, moshi ukajaa nyumba nzima, na majirani wa pande zote mbili wakatoka nje na nguo za kulalia. Binti yake, Serah, ambaye alifanya kazi ya ofisini kule Rockville, Maryland, alikuja usoni amebadilika. Alisema mbele ya Gaudiose, bila kushusha sauti, kwamba baba yake akisahau tena jambo kubwa atampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tangu siku hiyo, akiulizwa jambo na asipolikumbuka, humtazama Gaudiose kwanza, kama mwanafunzi anavyomtazama mwenzake wa dawati moja mwalimu anapomwita.

Walizungumza Kiingereza. Cha mzee kilikuwa cha Detroit, cha haraka na cha puani. Cha Gaudiose kilikuwa cha darasa la jioni, kila neno amelipanga kabla halijatoka. Alikuwa mtunzaji wa mzee, Mrundi aliyelelewa Uvira, kule Kongo, na mwimbaji wa kwaya, na kila asubuhi kabla ya kugusa mlango wa nyumba ile ya Gaithersburg alisimama barazani akaomba kimyakimya apate uvumilivu. Siku nyingi hakuuhitaji. Mzee alikuwa mcheshi, na palikuwa na jambo moja ambalo akili yake haikulipoteza kamwe.

"Leo niambie habari za mji wako, Detroit," alisema Gaudiose.

Papa Festus akainua kidevu ili wembe upite. "Mji wangu ulitengeneza majiko na magari ya farasi kabla ya kutengeneza hayo mnayoendesha. Halafu wakabuni mkanda wa kiwandani, unaolisogeza gari kutoka fundi hadi fundi. Zamani watu walilizunguka gari. Baada ya mkanda, gari ndilo lililokuja kwa mtu. Kazi ya kutwa nzima ikawa ya saa moja na nusu. Watu wakachoka, wakaacha kazi kila siku, hivyo wakuu wakaongeza mshahara karibu mara mbili. Dunia nzima ikasikia. Baba yangu akasikia huko Alabama, kwenye shamba la pamba ambalo halikuwa lake."

"Akaja na treni."

"Umeshalisikia hili?"

"Sema tu, Papa. Ni tamu."

"Alikuja na treni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, siku ambazo viwanda viliacha magari vikatengeneza vifaru. Wakampeleka penye tanuru la kuyeyushia chuma, kwa sababu huko ndiko walikowapeleka watu weusi. Alirudi nyumbani nyusi zimeungua. Lakini alinunua nyumba, Miss Gaudi! Nyumba ya matofali, na jina lake kwenye karatasi. Mama alimpaka mafuta ya kanisani kipajini kila asubuhi kabla hajatoka. Mimi nilipoanza kazi kiwandani nilipewa milango ya magari. Nimefunga milango mpaka nikiota naota bawaba."

"Na ile desturi yenu?"

Mzee akatabasamu. "Mlango ukionekana umekaa vibaya, nyapara alirudi nyuma akiuliza, huu ni mkono wa nani? Sisi wa milango tulijibu sote pamoja: wangu. Angemfukuza nani? Angefunga milango mwenyewe?"

Gaudiose alisuuza wembe. Aliujua mwisho wa hadithi pia: viwanda vilivyofungwa kimoja baada ya kingine, mitaa iliyobaki nyasi, mwaka ambao mji wote ulishindwa kulipa madeni na taa za barabarani zikazimika. Kisha wale waliokataa kuhama, wakalima mboga kwenye viwanja vitupu, wakaziwasha taa tena, hata kile kituo cha treni alichoshukia baba yake Festus kikafunguliwa baada ya kukaa gofu miaka mingi. Kila alipoisikia, aliufikiria mji alioukimbia yeye. Alimshukuru Mungu kwamba duniani kuna watu ambao hawaondoki.

* * *

Katika banda la gari lililoshikamana na nyumba kulikuwa na gari la kijani, la zamani, refu kama mashua. Papa Festus alikuwa amefunga milango ya magari ya aina ile, na alipostaafu alilitafuta moja, akalinunua na kulileta Maryland juu ya lori. Rangi ilikuwa ileile ya kiwandani. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Jumamosi lilikuwa liende Rockville kwenye maonyesho ya magari ya kale.

Ijumaa mchana, Venant, mume wa Gaudiose, alipokuja kumchukua mkewe, alimkuta mzee amesimama nje na fimbo, banda li wazi.

"Wewe ndiye shemasi?" aliuliza mzee.

"Ndiyo, Papa."

"Mkeo ananiambia kwenu gari haliingii barabarani bila kuombewa."

"Ni kweli. Tunaliweka wakfu. Kuna mafuta."

"Mama yangu angekupenda. Liombee langu. Kesho linatoka."

Gaudiose alisita. "Papa, tumwambie Serah kwanza?"

"Serah! Gari la nani?"

Chupa ya mafuta ya upako ilikuwa ndani ya gari la Venant, kama kawaida. Yalikuwa mafuta ya zeituni kutoka duka la Langley Park, na akina mama wa kanisa walikuwa wameyatia marashi makali ili yanukie utakatifu. Venant alimimina mafuta kiganjani, akakibandika katikati ya boneti, akafumba macho. Aliomba kwa Kiswahili, tena aliomba sana. Aliliombea gari, aliiombea barabara kuu, aliwaombea madereva wanaobadili njia bila kuashiria, aliuombea mji wa Detroit na wote waliozikwa huko na moshi kifuani. Muda wote huo kiganja hakikuinuka. Papa Festus, ambaye hakuelewa neno, alivua kofia na machozi yakamtoka.

"Amina," alisema mzee, kabla Venant hajamaliza.

"Bado, Papa," Gaudiose alimnong'oneza.

Kwa kuwa mafuta ya upako hayafutwi, hakuna aliyeyafuta.

* * *

Jumamosi asubuhi Serah alifika akiwa amevaa viatu vya kutembelea na miwani ya jua, tayari kwenda na baba yake kwenye maonyesho. Gaudiose alikuwa akimfunga mzee kamba za viatu. Walisikia mlango wa banda ukipanda.

"Baba! Njooni hapa!"

Marashi yalikuwa yameila rangi. Katikati ya boneti, palipokuwa kijani kinachong'aa, sasa palikuwa na kiganja cheupecheupe chenye vidole vitano vilivyonyooka, kana kwamba mtu amelizuia gari lisitoke.

"Nani amefanya hivi?" Serah aliuliza. "Baba, ni nani?"

Papa Festus aliinama, akakitazama kiganja, akakigusa. Hakujua. Gaudiose aliona kwamba ile Ijumaa nzima imefutika, maombi, kofia na machozi. Mzee akageuza shingo taratibu, akamtazama yeye, na macho yake yalikuwa ya mtu anayezama.

Ingekuwa rahisi kusema, ulituita mwenyewe, Papa. Ilikuwa kweli. Lakini Serah angeuliza, kwani hukumbuki? Na huo ndio ungekuwa mwisho wa nyumba yake.

"Ni wangu," alisema Gaudiose. "Mkono wangu. Nilipaka mafuta ya maombi. Sikuomba ruhusa."

"Hukuomba ruhusa!"

"Samahani sana."

Serah alivua miwani. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimwomba Gaudiose arudishe ufunguo wa nyumba. Alimfuata hadi ukumbini, akasimama karibu naye wakati anakusanya vitu vyake: ndala, kanga ya kujifunika, Biblia ndogo, bakuli la chakula cha mchana. Akamwambia afungue mfuko aone kilichomo. Gaudiose aliufungua. Serah alitazama ndani, kisha akatazama pembeni upesi, kama aliyeona aibu, lakini alikuwa ameshatazama.

"Wakala waliokupa kazi hii watakupigia simu," alisema.

Kutoka sebuleni mzee aliita, "Miss Gaudi, maonyesho ni leo?"

* * *

Jumapili baada ya ibada waliketi katika chumba chao cha Langley Park. Nje, mitambo ya kujenga reli mpya ilikuwa imepumzika, na harufu ya mahindi ya kuchoma ya jirani kutoka El Salvador iliingia dirishani. Binti yao Elsa alikuwa mezani na kompyuta ya shule.

"Juu ya nini ulisema ni wewe?" aliuliza Venant kwa mara nyingine. "Mkono ni wa kwangu. Mafuta ni ya kwangu. Na mzee ndiye aliita."

"Baba Elsa, ningesema vile, leo wangekuwa wanamfungia mizigo."

"Sasa wanafunga ya kwetu! Wakala wakikuandika umeharibu mali, ni nani atakupa tena mgonjwa? Mshahara wangu wa kuosha mabasi unalipa nyumba hii? Haulipi."

"Najua."

"Tena ni uongo. Wewe, mwimbaji wa sauti ya kwanza! Leo umeimba umekaza macho juu, nikasema moyoni, huyu mwanamke anamwimbia Mungu gani?"

Gaudiose hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, kisha kikageuka kilio. Venant akavuta kiti karibu.

"Uliteleza ulimi tu," alisema kwa upole.

"Sikuteleza. Nilijua nasema nini. Usiku nimeomba, nikamwambia Bwana, kama ni dhambi niadhibu mimi, lakini usinirudishe nyuma niseme tofauti, kwa sababu nitasema vilevile."

Elsa aliinua kichwa. Kiswahili alikisikia chote, lakini alijibu kwa Kiingereza kama siku zote. "Mom, na huyo Serah hajui kwamba baba yake anasahau hivyo?"

"Anajua ya jiko."

"Ya kila siku hajui?"

Gaudiose alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Basi unamficha yeye pia," alisema Elsa. "Ni baba yake. Mimi Papa akianza kusahau, mtu akinificha, nitakasirika milele."

"Mimi nisahau nini?" Venant alidakia. "Nasahau nini mimi?"

"Jana ulisahau kunichukua maktaba."

"Ile si kusahau. Ile ni foleni."

Simu ikalia. Alikuwa Bi Nahla, msimamizi wa wakala, Mzanzibari, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa tamu hata alipokuwa akifukuza mtu.

"Gaudiose mwanangu, nini tena haya? Kesho asubuhi nakuja Gaithersburg, na wewe uje. Yule mama anataka maelezo mbele ya mzee."

"Nitakuja, dada."

"Lakini hebu niambie, mafuta kwenye gari! Siye kwetu gari likinunuliwa twalifukiza ubani, dua, halua, kila mtu kwake. Ubani hauna doa, bibi we."

* * *

Jumatatu walikusanyika sebuleni kwa Papa Festus. Serah alisimama karibu na dirisha, koti mwilini, funguo za gari mkononi, kwa kuwa alitakiwa kazini. Bi Nahla alikaa kwenye ncha ya kiti. Venant alisimama nyuma ya mkewe, ingawa hakualikwa. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha kuegemea. Ndevu zake hazikuwa zimenyolewa tangu Ijumaa.

"Nimekitazama kile kiganja vizuri," Serah alianza. "Nyoosha mkono wako, Gaudiose."

Gaudiose akaunyoosha. Ulikuwa mkono mdogo, mfupi wa vidole.

"Si wako."

Venant akasogea mbele, akainua mkono wake mkubwa bila kuambiwa.

"Ni huu," alisema.

"Kwa hiyo ulinidanganya," Serah alimwambia Gaudiose. "Tena ulimleta mwanamume nisiyemjua kwa baba yangu. Nilikuwa nimeshaanza kujuta kwa ule mfuko, unajua? Nimejilaumu siku mbili nzima."

Bi Nahla alimgeukia Gaudiose, akamwambia kwa Kiswahili, chini kwa chini, "Mama we, sema kitu. Ukinyamaza mimi sina pa kukushikia."

Gaudiose alitazama zulia. Venant alifungua mdomo, na mkewe akamkanyaga mguu.

"Niliwaita mimi," alisema Papa Festus.

Wote waligeuka. Mzee alikuwa amekaa wima.

"Baba, unakumbuka kuwaita?"

"Hapana."

"Basi unasemaje..."

"Sikumbuki hata kidogo. Nimejaribu tangu Jumamosi, nimeitafuta hiyo siku, haipo." Alipitisha mkono juu ya ndevu zake. "Lakini huyu mama amepita mbele ya lile gari kila siku na hajawahi kuligusa kwa kidole. Anaogopa hata kulifagilia karibu. Mimi sijamruhusu mtu yeyote. Hata wewe, binti yangu."

"Kweli," alisema Serah. "Mimi hujawahi kuniruhusu."

"Sasa mtu kama huyu atalipaka mafuta kwa akili yake? Ni mimi niliyemwambia. Na alipoona nimesahau, alisema ni mkono wake." Akamgeukia Gaudiose. "Ulifanya kama sisi wa milango. Nimekuelewa."

"Ndiyo, Papa."

"Lakini tulifanya vile kwa nyapara, Miss Gaudi. Binti yangu si nyapara."

Maneno hayo yalimpiga Gaudiose kuliko yote aliyoambiwa tangu Jumamosi. Mzee alimwangalia Serah, na safari hii hakumtazama mtu mwingine kwanza.

"Nasahau, Serah. Sasa unajua. Ukitaka kuamua, amua juu yangu. Huyu mwache."

Serah hakuamua kitu. Alizungusha funguo kidoleni, kisha akamwuliza Gaudiose, polepole, kama anayeogopa jibu, "Anasahau mara ngapi?"

Gaudiose alimtazama mzee. Mzee akainamisha kichwa kukubali. Moyoni Gaudiose aliomba kwa neno moja tu, Bwana, na akasema.

"Kila siku, dada. Asubuhi huuliza marehemu mama yako yuko wapi. Namwambia amelala, naye hunyamaza. Dawa asipopewa mkononi haziliwi. Jiko nalizima mimi. Lakini jina lako hajalisahau hata siku moja. Na mji wake anausimulia wote, kuanzia baba yake, haruki mtu. Ningekuambia mapema. Niliogopa utamwondoa, na mimi nitabaki bila kazi. Hofu zote mbili nilikuwa nazo."

Bi Nahla alikohoa. "Kwa wakala, kusema uongo kuna onyo," alisema kwa Kiingereza cha ofisini. "Onyo halina budi kutolewa. Mengine ni ya familia."

Serah alitoa simu, akapiga kazini, akasema leo haji. Akavua koti. Aliushika ufunguo wa nyumba kwa muda, akauweka kwenye mkono mdogo wa Gaudiose na kuufunga kwa vidole vyake.

"Kwa sasa anabaki hapa," alisema. "Tutaongeza saa zako kama utaweza. Lakini kila jioni utanipigia simu unieleze siku ilivyokuwa. Hata ikiwa mbaya. Hasa ikiwa mbaya."

"Nitapiga, dada."

"Na ule mfuko..."

"Yamekwisha."

"Hayajaisha," alisema Serah. "Nisamehe."

Papa Festus alikuwa ameshasimama. Alikwenda kwa fimbo hadi bandani, nao wakamfuata, kwa kuwa hakuna aliyejua anakokwenda. Alisimama mbele ya boneti, akakitazama kiganja kwa muda mrefu, kisha akamtazama Venant mikononi.

"Lo, una mkono wa tanuruni," alimwambia. Venant alijua amesifiwa, akainamisha kichwa.

Kisha mzee akazunguka upande wa dereva, akashika kitasa, akaufungua mlango wote. Mikono yake, ambayo asubuhi haikujua vifungo vya shati, ilipita kwenye bawaba ya juu, ikashuka ya chini, ikapapasa ukingo.

"Serah, njoo. Weka mkono hapa. Hapa, si hapo. Unasikia ulivyokaa? Sasa ufunge."

Serah aliusukuma. Mlango ukagonga kwa kishindo.

"Hivyo ndivyo wafungavyo watu wa ofisi," alisema baba yake. "Usiutupe. Upeleke, halafu uuache. Uzito wake ndio unaoufunga. Tena."

Bi Nahla alitazama saa, akakumbuka ana mgonjwa mwingine Rockville, lakini hakuondoka. Venant aliweka mikono yake nyuma ya mgongo, asije akagusa kitu. Gaudiose aliingia ndani kuchemsha maji ya kunyolea, na akiwa jikoni aliusikia mlango ukifungwa, ukifunguliwa, ukifungwa, na sauti ya mzee ikisema tena, tena, mpaka pale uliposikika mara moja tu, mzito na laini.

"Huo," alisema Papa Festus. "Huo sasa unaweza kutoka kiwandani."